AFYA YETU: Tuujue uyoga wa misitu ya misonobari



Mvua za masika zinapoanza, uyoga huota. Huota kwenye vichuguu, kwenye magogo yaliyooza, malishoni na chini ya miti. Baadhi ya uyoga ni chakula kizuri. Uyoga mwingine ni sumu, na upo ule unaoweza kuua mtu mzima mwenye nguvu zake.

Katika somo letu la leo tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kwa nini uyoga wa misitu ya misonobari unataka uangalifu zaidi. Pili, jinsi ya kuukusanya, kuukausha na kuuandika katika daftari. Tatu, jambo la kufanya mtu akila uyoga wenye sumu.

Somo hili si la kufundisha uyoga wa kula. Hakuna gazeti linaloweza kukufundisha hilo kwa maandishi tu. Somo hili ni la kutambua, kuandika na kutunza, ili kijiji kiwe na kumbukumbu yake.

1. MITI YA KIGENI, UYOGA WA KIGENI

Mlima wetu wa Kilimanjaro una miti ya aina nyingi. Upande wa kaskazini, penye ukavu, imo mitarakwa. Katika misitu ya juu imo mipodo. Hiyo ni miti ya asili ya hapa. Lakini misonobari, ambayo wengine huiita misindano, ililetwa. Misaipresi nayo ililetwa. Asili ya misonobari mingi tuliyoipanda ni Mexico. Miti hiyo imepandwa katika mashamba ya Serikali ya Kilimanjaro Magharibi, wilaya ya Siha, na upande wa Rongai, wilaya ya Rombo. Pia ilipandwa katika ukanda wa nusu maili, ambao ulitengwa mwaka 1941 kati ya vihamba na msitu wa mlima ili wananchi wapate kuni na mbao.

Sasa jiulize: uyoga unahusikaje na msonobari?

Uyoga tunaouona ni tunda tu. Mwili wenyewe umo ardhini. Ni nyuzi nyembamba nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Katika msonobari, nyuzi hizo huizunguka mizizi ya mti. Kuvu humpatia mti maji na chumvi za udongo. Mti humpatia kuvu sukari. Wanasaidiana, kama jirani wawili wanaokopeshana jembe na panga.

Zamani, misonobari ilipoanza kupandwa katika sehemu nyingi za Afrika, miche ilidumaa na kuwa ya njano. Ilikosa kuvu wa kwao. Mabwana Misitu walichukua udongo wa chini ya misonobari mikubwa, wakauchanganya katika vitalu. Miche ikastawi. Kwa njia hiyo kuvu wa kigeni walisafirishwa pamoja na miti ya kigeni.

Hapo ndipo ilipo hatari. Wazee wetu wanaujua uyoga wa vichuguu na wa misitu ya asili. Ujuzi wao ni wa kweli, nao umepimwa kwa miaka mingi. Lakini ujuzi huo ni wa uyoga wa zamani. Uyoga wa chini ya misonobari ulikuja juzi juzi, na babu wa babu zetu hawakuuona. Mtu akisema, "Huu unafanana na ule wa kwetu," anaweza kukosea. Kufanana si kuwa kitu kimoja.

Jambo hili limewapata wengi duniani. Mwaka 2015 wakimbizi kutoka Syria waliofika Ujerumani walichuma uyoga uliofanana na ule wa kwao. Kumbe ulikuwa uyoga wa kifo. Baadhi yao walipelekwa hospitali wakiwa mahututi. Watu wale walikuwa na ujuzi wa uyoga, lakini wa nchi nyingine.

Na misaipresi je? Misaipresi, mitarakwa na mipodo nayo ina kuvu mizizini, lakini kuvu hao hawatoi uyoga wa kuonekana. Uyoga unaouona chini ya msaipresi kwa kawaida unakula majani na vijiti vilivyooza. Kwa hiyo, unapookota uyoga, kuujua mti uliosimama karibu ni nusu ya kazi.

2. UYOGA WA KIFO

Upo uyoga mmoja ambao kila mtu anapaswa kusikia habari zake. Wataalamu huuita Amanita phalloides. Sisi tuuite uyoga wa kifo. Asili yake ni Ulaya. Umesafiri pamoja na miti ya kupandwa hadi Marekani, Australia na Afrika Kusini. Huishi na mizizi ya mialoni, na mahali pengine huishi na misonobari. Kwa sababu hiyo, katika msitu wo wote wa misonobari tuchukue tahadhari kama kwamba upo.

Dalili zake ni hizi:

- Kofia yake ni ya kijani kibichi kilichochanganyika na njano. Pengine hupauka hadi kuwa nyeupe.
- Chini ya kofia kuna vikunjo vyembamba vyeupe, vilivyopangwa kama matamvua ya samaki.
- Shina lina pete, kama sketi ndogo.
- Mwisho wa shina, ndani ya udongo, kuna kikombe cheupe kama ganda la yai lililopasuka.

Kikombe hicho ndicho dalili kubwa. Lakini kimefichwa ardhini. Mtu akiuvuta uyoga kwa mkono, shina hukatika na kikombe hubaki udongoni. Basi dalili ya kumwokoa ameiacha msituni.

Yupo ndugu yake pia, mwenye kofia nyekundu yenye madoadoa meupe. Huyu huishi na misonobari katika nchi nyingi zilikopandwa miti hiyo. Watoto humpenda kwa rangi yake. Naye ana sumu. Sumu yake hushika akili: mtu huweweseka, husinzia au hutapatapa.

3. MANENO YA UONGO

Yapo maneno mengi juu ya kupima uyoga. Tuyachunguze.

"Uyoga ulioliwa na wadudu au konokono hauna sumu." Si kweli. Konokono hula uyoga wa kifo na hafi.

"Uyoga ukichemshwa sana sumu hutoka." Si kweli. Sumu ya uyoga wa kifo haiharibiwi kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa.

"Weka kitunguu au sarafu ndani ya sufuria. Kikigeuka rangi, una sumu." Si kweli.

"Uyoga wenye sumu ni mchungu." Si kweli. Waliokula uyoga wa kifo wakapona wamesema kwamba ulikuwa mtamu.

Neno la kweli ni moja: uyoga usioujua kwa hakika, usile.

4. JINSI YA KUKUSANYA

Kijiji, darasa la kisomo au shule inaweza kukusanya uyoga wa msitu ulio karibu na kuweka kumbukumbu. Kazi hii haitaki fedha nyingi. Vitu vinavyotakiwa ni hivi: kikapu cha chini bapa, kisu, magazeti ya zamani, penseli, daftari, rula, na kopo lenye kifuniko kinachobana.

Kabla ya kwenda, ombeni ruhusa. Mashamba ya miti ya Serikali yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Msitu wa asili wa mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Humo hairuhusiwi kuchuma kitu cho chote bila kibali. Anzeni kwa Mtendaji wa Kijiji na Bwana au Bibi Misitu.

Mkiwa msituni, fuateni hatua hizi:

Hatua ya kwanza: Tazama kabla ya kugusa. Uyoga umeota juu ya udongo, juu ya gogo, au juu ya kinyesi cha ng'ombe? Mti gani uko karibu? Andika papo hapo. Ukingoja hadi nyumbani utasahau.

Hatua ya pili: Chimba kwa kisu kuuzunguka uyoga, kisha uutoe mzima pamoja na mwisho wa shina. Usiuvute.

Hatua ya tatu: Chukua mmoja mchanga na mmoja uliokomaa, kama ipo yote miwili. Uyoga hubadilika umbo unapokua, kama mtoto anavyobadilika sura.

Hatua ya nne: Funga kila aina peke yake katika gazeti. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa maana uyoga hutoa jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani.

Hatua ya tano: Tia namba. Namba iliyo kwenye gazeti iwe ndiyo namba iliyo kwenye daftari.

Kikapu cha sampuli kisitumike kubebea chakula. Uyoga wa kifo haumdhuru mtu kwa kuushika. Hudhuru ukimezwa. Lakini vipande vidogo vinaweza kubaki kikapuni na kuingia katika mboga. Osheni mikono kwa sabuni mkimaliza kazi. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na sampuli.

5. JINSI YA KUANDIKA

Rangi na harufu ya uyoga hupotea ukikauka. Kwa hiyo andika siku ile ile. Kila uyoga upate ukurasa wake. Mfano ni huu:

Namba: 7
Tarehe: 14 Aprili
Mahali: Shamba la misonobari, Siha, karibu na barabara ya magogo
Mti ulio karibu: Msonobari
Umeota juu ya: Udongo wenye majani makavu ya msonobari
Kofia: Ya hudhurungi, inateleza kama imepakwa mafuta, upana sentimeta 8
Chini ya kofia: Hakuna matamvua; kuna vitundu vidogo kama sifongo, vya njano
Shina: Urefu sentimeta 6, halina pete wala kikombe
Harufu: Kama matunda
Ukikatwa: Rangi haibadiliki
Jina la mahali: Halijulikani
Mkusanyaji: Darasa la kisomo

Tazama mstari wa "Jina la mahali". Kama wazee wana jina lake kwa Kichaga, kwa Kipare au kwa Kimasai, liandike kama linavyotamkwa, na uandike ni lugha gani. Kama hawana jina, andika hivyo hivyo. Usibuni. Uyoga usio na jina kwa wazee pengine ni mgeni, na habari hiyo ni ya thamani.

Kipo kipimo kingine kizuri. Kata kofia ya uyoga uliokomaa. Chukua karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu umeipaka masizi au wino mweusi, ikakauka. Lalia kofia juu yake, sehemu ya chini ikiangalia karatasi. Ifunike kwa bakuli. Iache usiku kucha. Asubuhi utaona vumbi limeanguka na kuacha alama. Vumbi hilo ndilo mbegu za uyoga. Rangi yake ni kama alama ya kidole gumba cha mtu: husaidia kumtambua.

Vumbi la uyoga wa kifo ni jeupe. Vumbi la uyoga wa malishoni unaofanana na ule unaolimwa na kuuzwa makoponi ni la hudhurungi iliyoiva kama kahawa. Upo pia uyoga mkubwa wa kofia nyeupe yenye magamba unaoota malishoni, ambao vumbi lake ni la kijani. Huo hutapisha sana. Lakini kumbuka: vumbi peke yake halitoshi kusema uyoga huu ni wa kula. Uyoga mwingi usio na sumu nao una vumbi jeupe. Andika rangi hiyo katika ukurasa wake, basi.

6. KUKAUSHA NA KUTUNZA

Kata uyoga mnene vipande viwili au vitatu kwa urefu, ili kofia na shina vibaki pamoja. Uanike juani juu ya wavu au ungo wa kazi hiyo tu. Masika jua likikosekana, weka juu ya joto la mkaa, kwa mbali, usiive. Usikaushe juu ya meko ya kupikia. Kipande kikianguka katika chungu, hakuna atakayejua.

Uyoga umekauka ukivunjika kwa sauti kama mkate mkavu. Ukikunjika bado una maji, nao utaota ukungu. Tia kila sampuli ndani ya bahasha pamoja na kikaratasi cha namba, kilichoandikwa kwa penseli. Penseli haiyeyuki kwa unyevu. Panga bahasha katika kopo na ufunge. Nje ya kopo andika kwa herufi kubwa: SUMU, SI CHAKULA. Fungua mara moja kwa mwezi utazame kama wadudu wameingia.

Ni vizuri kugawa kila sampuli mafungu mawili. Fungu moja libaki kijijini, la pili lipelekwe kwa wataalamu. Kwa nini? Sikiliza kisa hiki. Kati ya mwaka 1892 na 1894 Mjerumani mmoja, Georg Volkens, alikaa Marangu akikusanya mimea ya Kilimanjaro. Mimea ya makoloni ya Wajerumani ilipelekwa Berlin. Machi 1943, wakati wa vita, nyumba ile ya mimea ilipigwa mabomu, na sehemu kubwa ya hazina yake iliteketea. Kitu kilichowekwa mahali pamoja tu kinaweza kupotea siku moja.

Siku hizi tunayo hazina yetu wenyewe. Hebaria ya Taifa, yaani nyumba ya kutunzia mimea iliyokaushwa, iko Ngaramtoni, Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hebaria. Mtaalamu wa chuo hicho, Leonard Mwasumbi, pamoja na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, walitoa kitabu kikubwa juu ya uyoga wa Tanzania mwaka 2003. Katika kazi hiyo wataalamu walifika vijijini, wakatembea na wanavijiji na kuandika majina waliyoambiwa. Kwa hiyo usidhani kwamba elimu hii ni ya wasomi peke yao. Nusu yake ilitoka vinywani mwa wakulima.

7. MTU AKILA UYOGA WENYE SUMU

Hapa, ndugu msomaji, soma polepole. Wasomee na wasiojua kusoma.

Uyoga wa kifo hauumi mara moja. Mtu akila saa 2 usiku, hulala salama. Tumbo huanza kumkata kati ya saa 8 usiku na saa 2 asubuhi, au hata baadaye. Hutapika na kuharisha sana, kama mwenye kipindupindu. Watu hawafikiri juu ya uyoga, kwa sababu umeliwa zamani.

Baada ya siku moja hivi, kutapika hupungua. Mgonjwa huketi na kuomba uji. Jamaa hufurahi na kusema amepona. Hiyo ni nafuu ya uongo. Wakati huo sumu inaharibu ini. Kuanzia siku ya tatu macho huwa ya njano, damu huweza kutoka, mgonjwa hupotewa na fahamu, na huweza kufa.

Kwa hiyo fanya haya:

- Mpeleke mgonjwa zahanati au kituo cha afya mara moja, hata kama anaona nafuu. Atatumwa hospitali kubwa kama Mawenzi au KCMC, Moshi, ikihitajika.
- Wote waliokula chungu kimoja waende, hata asiyeumwa. Watoto watangulie.
- Chukua uyoga uliobaki, mbichi au uliopikwa, hata maganda ya jalalani. Funga katika karatasi. Chukua na matapishi katika chombo safi.
- Mwambie mganga saa ya kula na saa ya kuanza kuumwa. Iandike.
- Kama mgonjwa ana fahamu na anaharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti ya zahanati, kidogo kidogo, mkiwa njiani.
- Usimpe pombe, mafuta, majivu wala dawa ya kumtapisha. Usipoteze saa kwa kutafuta dawa nyumbani.

Hapo ndipo daftari la kijiji linapofanya kazi. Mganga akiuliza, "Amekula uyoga gani?", jibu la kawaida ni, "Ulikuwa mweupe tu." Jibu hilo halimsaidii. Lakini kijiji chenye daftari na kopo la sampuli kinaweza kusema, "Ni kama namba 12, unaota chini ya misonobari, una pete na kikombe." Jibu hilo humfanya mganga aanze kulinda ini mapema, kabla nafuu ya uongo haijamdanganya mtu ye yote. Kujua kusoma na kuandika hapo kumekuwa dawa.

8. MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini wazee wanaoujua uyoga wa vichuguu wanaweza kukosea katika msitu wa misonobari?
2. Kwa nini tunachimba uyoga badala ya kuuvuta?
3. Nafuu ya uongo ni nini? Inatokea lini?
4. Kwa nini hatukaushi sampuli juu ya meko ya kupikia?

KAZI YA KUFANYA: Masika haya, andikeni kurasa 5 za daftari la uyoga wa karibu na kijiji chenu. Akina mama wanaokata majani na kuni msituni waulizwe kwanza, kwa kuwa ndio wanaoyajua maoteo yake. Kisha mpelekeeni mhudumu wa afya wa zahanati yenu daftari hilo alione, ili ajue lilipo siku atakapolihitaji.